Mzee wa Jumatano

Mwili wa Mzee Ngodup ulichomwa Jumatatu, kwa desturi ya kwao, na Jumatano asubuhi alikuwa ameshafika kazini.

Hidaya Mgaza ndiye aliyemsikia kwanza. Alikuwa ghorofani, katika chumba cha mitambo kinachotazama Barabara ya Mabalozi, anakoroga chai, na dirisha aliliacha wazi kwa sababu joto la mji wa Makutano halina simile. Chini yake, mbele ya geti la ubalozi wa lile taifa kubwa linaloitawala Tibet, Watibeti kadhaa walikuwa wamesimama ndani ya mstari wa njano kama kila Jumatano. Mabango yalikuwa juu, midomo ilikuwa inakwenda, na sauti haikutoka hata chembe. Hilo lilikuwa jambo la kawaida. Ajabu ni kwamba sauti moja ilikuwa inatoka.

"Mimi ni Ngodup," ilisema, kavu na ya taratibu, kwa Kiswahili cha mtu aliyejifunza ukubwani. "Kwetu ni Tibet. Tulikuwa nchi, na tutakuwa nchi. Mnanisikia?"

Mahali alipozoea kusimama palikuwa patupu. Wenzake walikuwa wamemwachia nafasi yake. Ng'ambo ya barabara, Chilewa muuza miwa aliacha kukamua katikati ya muwa, akageuka huku na huku. Miaka yote alikuwa ameuona mdomo wa yule mzee ukifunguka na kufumba, wala hajawahi kusikia kilichomo. Sasa alikuwa anasikia kilichomo, na mdomo haupo.

"Mnanisikia?" sauti ikauliza tena, maana mzee alikuwa na tabia ya kuuliza mara mbili.

Hidaya alijua mara moja kilichotokea, na kujua huko hakukumsaidia kitu. Aliacha kukoroga, chai ikapoa.

*

Katiba ya Shirikisho inampa kila mtu haki ya kusema na kukusanyika, na Shirikisho linajivunia katiba yake kama bwana harusi anavyojivunia koti la kuazima. Watibeti walikuja kizazi kimoja nyuma, chemchemi za milima yao ya uhamishoni zilipokauka, wakapewa nyanda za juu zenye baridi ambazo wenyeji hawakuzing'ang'ania. Walifuga kondoo, wakapanda shayiri, watoto wao wakajua Kiswahili kuliko baadhi yetu. Kisha wakaanza kusimama mbele ya ubalozi kila Jumatano, siku ambayo tangu zamani waliitenga kwa kukumbuka kwao, wakidai nchi yao iachwe iwe nchi.

Ubalozi ulilalamika. Wakubwa wakajikuta njia panda: wakiwafukuza Watibeti watavunja katiba, wakiwaacha watavunja urafiki, na urafiki ule ndio uliojenga reli. Ndipo likaja Pazia.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Hewa inasukumwa, inarudi. Pazia, kwa vipaza sauti vilivyopangwa kando ya barabara, husukuma pale sauti inaporudi, na kurudi pale sauti inaposukuma, hewa ikabaki imetulia. Ndani ya mstari wa njano watu husikiana vizuri. Ukivuka mstari, hakuna kitu. Wasemaji wana haki yao yote mkononi, wapita njia wana utulivu wao, na balozi analala usingizi. Haki ya kusema iliandikwa. Haki ya kusikiwa haikuandikwa popote, na hapo ndipo werevu walipopitia.

Hidaya alikuwa mmoja wa mafundi waliolijenga, na wakati ule aliona fahari. Ugumu wake ulikuwa kwenye kasi. Mashine ikingoja mtu aseme ndipo iandae kinyume chake, imeshachelewa. Kwa hiyo Pazia hujifunza watu. Humsikiliza mtu wiki baada ya wiki mpaka liijue pumzi yake, kikohozi chake, neno analolipenda, na mwisho huwa linajua atakachosema kabla hajafungua kinywa. Kitu kimoja tu Pazia haliwezi kukifanya peke yake: haliwezi kuanza kumjifunza mtu mpya mpaka fundi akae kwenye kioo cha mashine na kuiandikia sauti ile jina. Sheria ililazimisha hivyo, ili asinyamazishwe mtu asiyejulikana.

Ndiyo maana mwanzoni Hidaya aliteremka barabarani na kumwendea Mzee Ngodup, akamwamkia shikamoo, akamuuliza jina. Mzee alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alisema tangu waanze kusimama pale hakuna mwenyeji aliyewahi kumuuliza anaitwa nani. Alimtajia jina pole pole, akarudia ili binti asikosee, akamshukuru. Hidaya akapanda ghorofani, akaliandika.

Mzee hakukosa Jumatano hata moja, wala hakubadili neno. Pazia likamzoea kuliko watu wote. Fundi mzuri huiachia mashine inapojua kazi yake, na Hidaya ni fundi mzuri: kwa mzee huyu peke yake aliifunga masikio mashine, akaiambia isihangaike kumsikiliza tena, ifuate mazoea tu. Basi mzee alipolala na asiamke, hakuna aliyeiarifu. Ikatoa kinyume cha sauti yake kama ilivyozoea, na kinyume cha sauti, kikikosa mwenzake wa kupambana naye, sikio haliwezi kukitofautisha na sauti yenyewe. Kile kile kilichomziba mzee sasa kilikuwa kinamtangaza mji mzima.

*

"Hebu fikiria aibu hii," alisema Mkurugenzi Kaijage. Alikuwa mtu mpole, mwenye tumbo na miwani, na hakupenda makuu. "Vipaza sauti ni vya serikali. Umeme ni wa serikali. Maana yake nini? Maana yake kila Jumatano serikali yetu inasimama mbele ya ubalozi wa rafiki zetu na kudai Tibet iwe huru. Balozi kanipigia mwenyewe. Sikujua nicheke au nilie."

"Ulifanya nini?"

"Niliomba radhi. Mwanasheria wetu anasema marehemu hana haki ya kusema, lakini hana hakika kama mashine inayo. Mimi sitaki kufika huko. Mfute mzee wa watu apumzike."

"Mkurugenzi, kuna kumfuta na kuna kumziba. Nikimziba, mashine itaendelea kuiga sauti yake ndani kwa ndani, ila vipaza sauti havitaitoa. Hiyo ni kazi nyepesi."

"Na kumfuta?"

"Sauti zote zimesukwa pamoja, kama ukindu wa mkeka. Huwezi kuchomoa uzi mmoja. Nikimfuta yeye, Pazia linasahau watu wote, tunaanza upya."

"Fundi ni wewe, hesabu zako sizijui," alisema Kaijage, akivuta faili jingine. "Nilichomwahidi balozi ni kwamba atafutwa. Usipomfuta wewe, nitamwita mwingine."

"Hata ikibidi kuanza upya?"

"Hata ikibidi, Hidaya. Kabla hawajasimama tena Jumatano ijayo."

Mkubwa akishasema hata ikibidi, mara nyingi hajui alichokisema. Hidaya alitoka akiwa ameshaamua kimoyomoyo kumziba tu. Pazia litabaki zima, mkurugenzi ataridhika, na yeye atalinda ugali wake. Nani atajua?

Lakini wiki ile mzee hakumwachia nafasi. Hidaya akifungua bomba, anasikia ile pumzi fupi iliyotangulia jina. Akiwa sokoni anachagua nyanya, mtu nyuma yake anauliza jambo, yeye anageuka na moyo umempanda. Hakuamini mizimu; aliifahamu mashine skrubu kwa skrubu. Alijua hakuna mtu mle ndani. Hata hivyo lile swali la mzee kila mara aliona anaulizwa yeye, na yeye peke yake nje ya mstari wa njano ndiye aliyekuwa amelisikia miaka yote kwenye vidude vya masikioni, akipima kama limenyamazishwa vya kutosha.

*

Jumamosi alikwenda kutoa rambirambi. Kwao Hidaya, msiba hauendwi mikono mitupu, kwa hiyo alibeba sukari na majani ya chai, akajifunga kanga, akauliza njia mpaka nyumba ya Dolkar, binti mkubwa wa marehemu, nyuma ya soko la sufu. Ndani palikuwa na taa ndogo ya siagi ikiwaka na harufu ya shayiri iliyokaangwa. Dolkar, mwanamke wa makamo, alimkaribisha kwenye zulia. Kando yake alikaa mdogo wake Rinzin, kijana mwenye sauti ya kukwaruza, ndiye aliyeongoza maandamano sasa.

"Poleni sana," alisema Hidaya. "Poleni kwa msiba wa Mzee Ngodup."

Rinzin aliinamisha kichwa. Dolkar alinyoosha mkono akaisogeza taa, ingawa haikuhitaji kusogezwa.

"Dada," alisema kwa upole, "huwezi kujua. Sisi mtu akitutoka hatumtaji jina mpaka zipite siku arobaini na tisa. Siku hizo anatafuta njia ya kwendea. Akiitwa jina, anageuka nyuma."

"Nisamehe, dada yangu."

"Hukukusudia." Dolkar alimimina chai yenye siagi na chumvi. "Lakini sasa utaelewa kwa nini silali. Sisi tumefunga midomo nyumba nzima ili aende. Yeye mwenyewe anasimama barabarani anajiita."

Hidaya alikishika kikombe bila kunywa. Kama angekuwa na mahali pa kuuficha uso wake, angeuficha. "Mimi ndiye fundi wa Pazia," alisema.

"Tunajua," alisema Rinzin. "Baba alituonyesha dirisha lako. Alisema yule dada aliniuliza jina."

Maneno yale yalimwingia Hidaya kama mwiba wa mchongoma, na hakuna aliyekuwa amekusudia kumchoma.

"Nimekuja kuuliza mnataka nini," alisema.

"Mtoe," alisema Dolkar.

"Mwache," alisema Rinzin.

Wakatazamana. Ilionekana si mara ya kwanza.

"Baba aliuliza swali moja miaka yote," alisema Rinzin. "Jumatano hii muuza miwa kalisikia. Walinzi wa geti wamelisikia. Mara ya kwanza, dada. Na sisi wenyewe tuende kuomba anyamazishwe, tena kwa hisani ya wale wale? Kesho watasema hata watoto wake walitaka."

"Yule si baba. Ni chuma kimevaa sauti yake."

"Kama si yeye, unaogopa nini? Chuma hakipotei njia."

"Wewe unamtaka asimame pale mpaka lini, Rinzin? Mpaka nchi ipatikane? Alikuwa mzee. Miguu ilimvimba. Alikuwa akirudi hapa namkanda kwa maji ya moto, na Jumatano inayofuata anaondoka tena, kwa sababu ninyi vijana mlikuwa mnasema bila yeye hampati nguvu. Sasa amekufa, bado hamtaki kumpa ruhusa. Msemee. Una mdomo."

"Mdomo wangu hausikiki."

Hidaya aliona kwamba wote wawili wana haki, na kwamba haki zao hazitoshi kwenye kikombe kimoja. Akimtoa mzee, anawafanyia kazi wanyamazishaji. Akimwacha, anamfunga maiti getini.

Dolkar alimsindikiza hadi nje. Mlangoni alimshika kanga. "Nijibu jambo moja la kifundi. Ukimnyamazisha, atakuwa ameondoka, au atakuwa amefunikwa?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mwepesi, wenye adabu zote za msiba. Angeusema, na mama huyu angelala usingizi.

"Kuna njia ya kumfunika," alisema Hidaya, "na kuna njia ya kumwondoa."

"Basi mwondoe," alisema Dolkar. "Hata kama mimi nisingejua tofauti, yeye angejua."

*

Jumatano Hidaya aliingia kazini mapema, akafunga mlango wa chumba cha mitambo kwa ufunguo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Barua ya Kaijage ilikuwa mezani: *Sauti ya marehemu ifutwe.* Ilikuwa amri halali, yenye mhuri. Hakuongeza neno wala hakupunguza.

Kabla ya kufuta, alivaa vidude vya masikioni na kuita sauti zote moja moja, si kwa ajili ya kazi. Kila mmoja alikuwamo na pumzi yake. Mwisho akamwita mzee.

"Mimi ni Ngodup," alisema mzee sikioni mwake, bila haraka. "Kwetu ni Tibet. Tulikuwa nchi, na tutakuwa nchi. Mnanisikia?"

Hidaya alilia. Alilia kama anavyolia mtu aliyechelewa mazishi, kamasi na machozi, na kioo kikamsubiri. "Nakusikia, baba," alisema, akijua anaiambia mashine isiyo na masikio, ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeyaziba. "Sasa nenda. Usigeuke."

Akafuta.

Hapakuwa na mlio wowote. Taa za vipaza sauti kando ya barabara zilibadilika kutoka kijani hadi nyeupe, rangi ambayo Chilewa muuza miwa hakuwahi kuiona, naye akazitazama akifikiri labda ni sikukuu.

Watibeti walifika, wakaingia ndani ya mstari wa njano, wakaacha nafasi ya mzee. Walisubiri. Walisubiri kwa sababu wiki iliyopita alitangulia yeye. Muda wake ulipita na nafasi ikabaki nafasi. Rinzin aliinua macho kwenye dirisha la ghorofani, na Hidaya, aliyekuwa amesimama wazi wazi, aliona chuki ndani ya macho yale, akaipokea, maana ilikuwa yake.

Kisha Rinzin akapaza sauti kama alivyozoea. "Tibet ni nchi."

Sauti ilivuka mstari. Ilivuka barabara, ikagonga ukuta wa benki ng'ambo, ikamrudia. *Ni nchi.* Kijana alishtuka kama mtu aliyeguswa bega gizani, akageuka kumtafuta aliyesema. Wenzake walishusha mabango. Mama mmoja alijifunika mdomo kwa kiganja. Miaka yote walikuwa wamepiga kelele kwa nguvu zao zote kwa kuwa hakuna aliyesikia, na sasa kwa kuwa wanasikika, hakuna aliyethubutu kukohoa. Walinzi wa geti waliacha kuegemea. Mapazia ya ubalozini yalitikisika. Simu ya mezani nyuma ya Hidaya ilianza kulia, na ingekuwa ni nani kama si Kaijage.

Kimya kikarefuka. Hidaya aliogopa kwamba amemwondoa mzee bure.

Ndipo Dolkar alipotokea upande wa soko. Hakuwahi kuandamana maishani mwake; kazi yake ilikuwa kukanda miguu. Aliingia ndani ya mstari wa njano akiwa bado na aproni ya kazi, akapita katikati ya watu, akasimama kwenye nafasi ya baba yake. Akaifunga mikono yake kwenye aproni.

"Mimi ni binti wa mzee aliyekuwa akisimama hapa," alisema. Hakumtaja jina. Hakupaza sauti pia, na haikuhitajika. "Kwetu ni Tibet. Sijawahi kufika. Tulikuwa nchi." Alitazama ng'ambo ya barabara. "Na tutakuwa nchi. Mnanisikia?"

Magari yalikuwa yamesimama. Mtu mmoja kwenye benki alikuwa ametoka nje na kalamu mkononi. Hakuna aliyesema kitu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuulizwa.

"Mnanisikia?" akauliza tena, na Hidaya huko juu alijua kwamba tabia ile ameirithi.

Chilewa aliuweka muwa chini. Akajifuta mikono kwenye suruali. "Tunakusikia, mama," alisema. "Na mzee tulimsikia."

Nyuma ya Hidaya simu ilikatika, ikaanza upya. Mlango ukagongwa. Kwenye kioo, Pazia, lililozaliwa upya asubuhi ile bila kumjua mtu yeyote duniani, lilikuwa limekwisha kusikia kitu. Taa nyeupe zilikuwa zinapepesa. Maandishi yalijitokeza katikati ya kioo, yenye heshima, kama kawaida yake.

*Sauti mpya imepatikana. Inaitwa nani?*

Dolkar alikuwa anaendelea kusema, na watu walikuwa wanasogea karibu. Mlango uligongwa kwa nguvu zaidi, na sauti ya Kaijage, isiyo ya upole leo, ikamwita Hidaya, ikamwita tena, ikamwambia aandike jina haraka, kila mtu anasikia.

Hidaya aliitazama ile nafasi tupu kwenye kioo. Jina alilijua. Alilikalia zulia la Dolkar, alimiminiwa chai yake. Akavuta kiti, akaketi, akaiweka mikono yake mapajani, mmoja juu ya mwingine, akasikiliza.